Mshono wa Mgongoni

Kazini walimwita Mama Pole. Jina hilo alipewa na mwenzake wa zamu, mwanamume mwembamba asiyependa maneno mengi, baada ya kumsikia kwa miaka akizungumza na watu wasioweza kumjibu. Mama Pole aliosha na kuvisha maiti katika hospitali. Kila alipomgeuza marehemu ubavu, alisema, "Pole." Alipomnyanyua kichwa ili apitishe kola, alisema, "Pole, tunakaribia kumaliza."

"Mama," mwenzake alimwambia siku moja, "hawa hawaumii tena."

"Ninaumia mimi," akajibu bila kuinua uso, na kuanzia siku hiyo jina likamganda.

Kazi yake ilikuwa na siri yake ndogo, kama kila kazi. Familia huleta nguo mpya. Shati huletwa likiwa bado na pini zake, na kipande cha karatasi ngumu ndani ya kola. Lakini mwili uliokwisha kukakamaa haukunji kiwiko kwa sababu watu wameleta shati zuri. Basi shati hulazwa kifudifudi mezani, hupasuliwa kwa mkasi kutoka kwenye kola hadi chini, kisha mikono huingizwa kwa mbele kama mtu anayevaa aproni, na ncha za nyuma husukumwa chini ya mgongo. Vifungo hufungwa, kola hunyooshwa. Ndugu wakiingia hulia na kusema, "Jamani, kama amelala." Hakuna anayemgeuza.

Alipokuwa bado bibi harusi alimsimulia mumewe jambo hilo, na mumewe alicheka hadi chai ikamwagikia mapajani.

"Yaani wale mabwana wakubwa wote wanaingia ardhini mgongo wazi, kama wagonjwa wa sindano!" alisema. "Basi mimi usinifanyie hivyo, mama. Shati langu liwe zima."

"Nani amekwambia utatangulia? Wewe ndiye utakayenizika."

"Hapo umenikomoa," akasema mumewe, wakacheka tena. Walikuwa vijana, na kifo kilikuwa kazi ya wengine.

Mume huyo alikuwa fundi rangi, na mkewe hakumwita kwa jina lingine ila Fundi. Kuta za mtaa mzima zilipita mikononi mwake. Siku za kazi alirudi amejaa matone kuanzia nywele hadi viatuni, hata watani wakamwita Fundi Doa. Yeye hakukasirika. Jumamosi jioni alikaa uani na kitambaa chenye mafuta ya taa akijisugua vidole, kimoja kimoja, na Jumapili alipita mtaani humo humo akiwa na shati jeupe lisilo na hata nukta. Hilo ndilo lililokuwa jibu lake. Alipita polepole ili watu wapate nafasi ya kulitafuta doa na kulikosa.

Watu walidhani ngazi ndiyo itakayomtoa duniani. Haikuwa ngazi. Kiharusi kilimkuta amesimama chini, juu ya ardhi, akikoroga rangi ya krimu. Upande wa kulia ukalala, mdomo ukaenda pembeni, na maneno yakaanza kutoka moja moja, kama watu wanaovuka mto kwa kukanyaga mawe. Akili ilibaki nzima, na hilo ndilo lililomtesa. Alikuwa akivalishwa suruali ya mpira kiunoni na fulana zenye shingo pana, kwa kuwa ndizo zilizokuwa rahisi, na tangu avalishwe nguo hizo hakuwahi kuvuka kizingiti. Alilala akiutazama ukuta. Chakula alikionja tu, kisha akaacha kijiko kianguke.

Dada mmoja wa hospitali, anayewanyoosha wagonjwa viungo, ndiye aliyemwambia Mama Pole ukweli. "Mama, ugonjwa huu peke yake usingemuua leo wala kesho. Kinachomuua ni kile kitanda. Ale, atoke nje, aonwe na watu. Akiendelea kulala hivi hivi, atakauka mbele ya macho yako, na wewe mwenyewe unajua mtu aliyekauka anavyokuwa."

Mama Pole alijua. Aliomba likizo yake yote.

Siku ya kwanza ya likizo, wifi yake alifika asubuhi kama kawaida. Huyu alikuwa dada mkubwa wa Fundi, mjane mwenye mwili mnene na ulimi mwepesi, na ndiye aliyemtunza na kumvisha ndugu yake saa zote ambazo Mama Pole alikuwa kazini. Kwapani alikuwa na hotpoti yake ya chakula, nayo pia ilikuwa kama kawaida. Miaka yote hiyo hakuwahi kula kilichopikwa na wifi yake. Alikuwa na sababu nyingi: mara tumbo limejaa, mara dawa hairuhusu, mara ametoka kula sasa hivi. Sababu ya kweli haikutamkwa, ila macho yake yalikuwa na mazoea ya kushuka hadi kwenye vidole vya Mama Pole na kukaa hapo.

"Wifi, leo hotpoti ya nini?" Mama Pole aliuliza. "Nimekwambia nipo likizo. Nitapika mimi."

"Pika, mwenye nyumba. Nani amekukataza? Hiki ni cha akiba tu, mgonjwa asije akalala njaa ukiwa bado unatafuta chumvi ilipo."

"Chumvi ninajua ilipo."

"Haya. Maana jikoni kwako huingii kama mke, unaingia kama mgeni."

Maneno hayo yaliuma kwa kuwa yalikuwa ya kweli. Kwa miaka mingi Mama Pole alipika kwa haraka, akiwa amesimama, mkoba bado begani. Sasa alikaa juu ya kigoda na kumenya viazi taratibu. Alivichemsha, akaviponda na maziwa kidogo, akaongeza yai lililopigwa wakati bado vina moto ili vilainike, kwa sababu Fundi hakuweza kutafuna kwa upande wa kulia. Siku iliyofuata alipika wali mlaini na dengu. Siku nyingine ilikuwa supu ya maboga. Hakukuwa na ufundi mkubwa ndani yake. Kilikuwa chakula cha mtu anayetaka mtu mwingine ale.

Na Fundi akaanza kula. Kwanza vijiko vichache, kisha nusu ya bakuli. Mchana mmoja alimeza, akatulia, kisha akasema, "Leo. Chumvi. Imekumbukwa."

Mama Pole alitoka akaenda kusimama uani kidogo, akarudi uso wake ukiwa umekauka.

"Fundi, twende tukakae nje, pale getini. Nitakuwekea kiti."

Mumewe alitazama fulana yake, shingo yake iliyolegea kama mdomo wa gunia. "Hivi? Sitoki. Mimi si mtoto."

"Ukipata shati?"

"La vifungo," akasema. "Jeupe."

Mama Pole alikwenda dukani siku hiyo hiyo. Muuzaji, kijana mchangamfu mwenye tepu shingoni, alimuuliza saizi ya mzee. Mama Pole hakuhitaji tepu. Jicho lake lilikuwa limepima watu kwa miaka, na kazini yeye ndiye aliyewaambia ndugu, "Msilete saizi yake ya zamani, wagonjwa hupungua." Aliitaja namba, na aliposikia sauti yake mwenyewe ikiitaja alishtuka kidogo, kwa maana ilikuwa namba ya chini sana kuliko ile ya mashati ya Jumapili.

"Ni la sherehe, mama?"

"La kutoka nje," akasema.

Alirudi na shati jeupe la mikono mirefu na suruali ya kijivu yenye mkanda. Wifi yake alikuwa ameshaondoka. Nyumba ilikuwa tulivu, jua limeingia hadi katikati ya chumba. Aliinjika dengu jikoni, kisha akalileta shati kitandani na kulikunjua mbele ya Fundi. Fundi aliligusa kwa mkono wa kushoto. Alipitisha kidole kwenye kola, kwenye mfuko, akafuata safu ya vifungo hadi chini. Upande mzima wa mdomo ukainuka.

"Halina," akasema.

"Halina nini?"

"Doa."

"Na hutalitia. Haya, inuka tujaribu."

Alichukua mkasi, akakata lebo iliyokuwa shingoni na nyingine chini ya kwapa. Aliingiza mkono wa kushoto wa mumewe kwenye mkono wa shati. Ule ulipita vizuri, kwa kuwa ulikuwa mzima na ulisaidia. Kisha akauendea wa kulia. Huo ulikuwa umekunjwa kifuani, mgumu, ngumi imefumbwa, na shati lilikuwa limekwisha kuvutika upande wa pili. Lilikataa kuufikia. Alijaribu kuuvuta mkono, Fundi akaguna kwa maumivu. Alijaribu kulivuta shati, likabana. Fundi alichoka, akalegea, akaangukia mto. Mama Pole akamgeuza ubavu.

Wakati huo huo harufu ya kuungua ikaja kutoka jikoni. Dengu zilikuwa zimekaukiwa maji. Aligeuza uso kuelekea mlangoni, akiwaza kuhusu sufuria, akiwaza kwamba amwambie angoje, na huku akiwaza hayo mikono yake iliendelea na kazi bila yeye.

"Pole," alisema. "Pole, tunakaribia kumaliza."

Sauti ya kitambaa kipya kikipasuka ni kali kuliko ya kitambaa kikuukuu. Fundi aliisikia kabla ya mkewe kuisikia. Shati lilikuwa limefunguka kutoka kwenye kola hadi katikati ya mgongo, mpasuko ulionyooka vizuri, wa mtu aliyezoea, na mkasi ulikuwa bado vidoleni mwake.

Fundi aligeuza kichwa polepole hadi akamwona.

"Mama," akasema. "Bado. Sijafa."

Jikoni dengu zilizidi kuungua hadi moshi ukafika chumbani, lakini hakuna aliyeinuka.

Baadaye Mama Pole alilia, akapiga magoti, akaeleza. "Ni mikono, Fundi. Mimi sikuwa nimefikiri. Ni mikono tu, ni mazoea." Alitarajia hasira. Hasira angeipokea kwa shukrani. Lakini mumewe hakuwa na hasira. Alimtazama kwa upole wa kutisha, kama mtu aliyeletewa majibu ya vipimo na kuyakubali.

"Najua," akasema. "Ni mikono." Akapumzika. "Mikono yako. Inawajua. Wanaokwenda. Imeniona."

Na Mama Pole akaikumbuka ile namba ya shati aliyoitaja bila tepu.

Tangu hapo Fundi hakula. Hakutupa bakuli, hakufumba mdomo kwa kiburi. Alisema tu, "Asante, nimeshiba," kwa tabu ya maneno yake mawili matatu, na kugeukia ukuta. Mama Pole alipika viazi, vikarudi. Alipika wali, ukarudi. Alikaanga vitunguu taratibu mpaka vikawa rangi ya dhahabu, kwa kuwa harufu hiyo zamani ilimleta Fundi jikoni akiwa bado na brashi mkononi, na harufu ikajaa nyumba nzima, ikatoka dirishani, isimlete mtu. Alikula yeye mwenyewe makombo hayo akiwa amesimama, kama siku za kazi, bila kujua ladha yake.

Wifi yake aligundua kwa sababu ya shati. Alilikuta limekunjwa chini ya mito, akalikunjua, akatia mkono kwenye mpasuko na mkono ukatokea upande wa pili.

"Wifi! Hiki ni nini?"

Mama Pole alimwambia yote. Hakuona faida ya kuficha.

Yule mama alikaa juu ya kiti kwa uzito wake wote. "Ungengoja basi," akasema. "Haraka ya nini? Angalau angekata roho kwanza."

"Nitukane, wifi. Nina haki ya kutukanwa."

"Nikutukane nini? Nilisema mimi. Miaka yote nilisema moyoni mwangu, mikono hii haifai kushika kijiko na kushika wale. Sasa umeona." Akaichukua hotpoti yake, akaenda chumbani kwa hatua za mtu aliyeshinda kesi.

Hakukaa huko muda mrefu. Alitoka na hotpoti imejaa vile vile, na ushindi umemtoka usoni.

"Amekataa na changu," akasema.

Siku zilizofuata wanawake wawili walipika katika jiko moja, kila mmoja na sufuria yake, na vyakula vyote viwili vilirudi. Mashavu ya Fundi yaliingia ndani. Ngozi ya paji la uso ilivutika, na Mama Pole, kila alipomnawisha, alijikuta anaona kile ambacho hakutaka kukiona, kwa kuwa alijua mpangilio wake: kwanza hapa kwenye paji la uso, kisha hapa chini ya taya. Akaanza kuiogopa mikono yake. Aliiweka nyuma akiongea na mumewe, kama mwanafunzi aliyechelewa shule.

Asubuhi moja wifi yake alimkuta ameketi uani na lile shati mapajani, sindano mkononi, akiushona mpasuko.

"Unamshonea nani? Hatalivaa."

"Nashona tu. Siwezi kuliacha wazi."

Yule mama alitazama. "Hata kumvisha hukujua," akasema, ingawa safari hii sauti haikuwa na sumu. "Ulianza na mkono gani?"

"Wa kushoto. Ulikuwa karibu."

"Ndiyo maana. Mtu aliye hai unaanza na upande mgonjwa, wifi. Ule mbovu unatangulia wakati shati bado limelegea. Mzima unafuata, wenyewe utajitafutia njia. Mimi nilifundishwa na yule binti wa mazoezi siku ya kwanza kabisa. Wewe hukufundishwa?"

Sindano ilisimama. "Kwetu kule hakuna mkono mgonjwa," Mama Pole alisema taratibu. "Yote ni sawa."

Wakatazamana. Kisha Mama Pole akainuka na shati lake, uzi ukining'inia, akaingia chumbani. Wifi yake alimfuata hadi mlangoni.

"Fundi," akasema. "Nisikilize, halafu ugeukie ukuta wako ukitaka. Ulisema mikono yangu inawajua wanaokwenda. Haijui. Inajua maiti. Nilianza na mkono mzima, kosa ambalo hata mtoto aliyefundishwa siku moja halifanyi, kwa sababu miaka yote hii sijawahi kumvisha mtu mwenye upande unaouma. Mikono hii haikukuona wewe, iliona kazi. Wewe ni mtu hai wa kwanza kuvishwa na mimi, na nimekuvisha vibaya. Basi nifundishe."

Fundi hakuugeukia ukuta.

Ndipo wifi yake alipofanya jambo ambalo Mama Pole hakulisahau maishani. Alirudi jikoni, akafunua sufuria ambayo haikuwa yake, akapakua viazi vilivyopondwa kwenye bakuli, akaja nalo hadi kitandani. Akachota kijiko kimoja. Alikitazama kijiko kama mtu anayetazama maji baridi asubuhi ya baridi. Kisha akakitia mdomoni mwake, akafumba macho, akameza.

"Haya," akasema, macho yakiwa yamelowa. "Nimekula cha mkono wake. Tazama, mdogo wangu. Bado nimesimama." Akajifuta mdomo. "Chumvi imezidi."

Kutoka kitandani kulitoka sauti ambayo kwanza waliidhani ni kikohozi. Fundi alikuwa anacheka, kwa upande mmoja wa uso, na machozi yakishuka kwa upande wa pili.

"Lete," akasema. "Nione. Hiyo chumvi."

Alikula kidogo, si kingi. Mtu aliyeanza kuondoka hasimami mara moja kwa kuitwa. Lakini alikula jioni, na kesho yake akala tena. Zilipobaki siku chache likizo iishe, aliomba shati.

Walimvisha wote wawili. Mkono mgonjwa ulitangulia. Mama Pole alipitisha mkono wake mwenyewe ndani ya mkono wa shati, akaishika ile ngumi, akaipapasa mpaka ikalegea, akaivuta taratibu hadi ikatokea upande wa pili. Fundi alielekeza kwa macho. Mkono wa kushoto ulijitafutia njia, kama alivyosema wifi. Walipomaliza, Fundi alipeleka mkono nyuma ya shingo na kugusa mahali mshono ulipoanzia.

"Mshono mbaya," akasema.

"Mimi si fundi cherehani."

"Unaonekana?"

"Ukiegemea ukuta, hauonekani."

Wakamwegemeza kwenye kiti nje ya geti, mgongo ukutani, kwenye ukuta alioupaka mwenyewe zamani. Watu walipita. Wengine walisita kidogo wasijue waseme nini, kisha wakasema. Jirani mmoja alipaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara. "Fundi Doa! Umependeza hivyo, safari ya wapi?"

"Nimefika," Fundi akajibu, na jirani akacheka bila kuelewa vizuri.

Jua lilipokaribia kushuka nyuma ya mapaa, Fundi alimwita mkewe ainame. Alizungumza kwa muda mrefu kuliko kawaida, akisimama kila baada ya neno.

"Siku yenyewe. Ikifika. Usiniache. Kwa mwingine. Na usishike. Mkasi."

Mama Pole aliinua uso. Alijua alichokuwa anaombwa. Alijua mwili uliokakamaa ni kitu gani, na hakuwa na ujinga wa kumwezesha kuahidi kwa wepesi. Bega lile la kulia lilikuwa gumu hata sasa, likiwa na damu na joto ndani yake.

"Ni kazi ngumu, Fundi," akasema.

"Ndiyo maana. Ninakuomba wewe."

"Sitashika mkasi," akasema.

Alirudi kazini. Fundi aliendelea kula vijiko vyake na kukaa nje baadhi ya siku, kila mara kwa shati hilo hilo, ambalo dada yake alilifua na kulipiga pasi akinung'unika. Wifi hakuacha kuja na hotpoti. Ila siku nyingine aliisahau mlangoni.

Kiharusi cha pili kilikuja msimu wa mvua, na hakikujadiliana na mtu. Fundi alipelekwa hospitali asubuhi akafariki kabla ya jioni. Usiku ule hakuna aliyelala, na mwili ulilala kwenye jokofu. Kesho yake alfajiri wifi alifika kwenye mlango wa chumba cha maiti, ambacho hakuwahi kukikaribia, akamkabidhi Mama Pole mfuko. Ndani yake lilikuwamo shati, limepigwa pasi, limekunjwa. Kisha yule mama alimshika Mama Pole mikono yote miwili, kwenye vidole, akaishikilia kidogo. Akaondoka.

Mwenzake wa zamu alikuwa amekwisha kutayarisha meza. "Mama, nenda nyumbani," alisema. "Hili niachie mimi."

"Hapana."

Aliosha peke yake. Kisha akachukua maji ya moto na taulo, akaanza na bega la kulia. Aliweka taulo, akaliondoa, akasugua kwa viganja, akazungusha kiungo kidogo, akaweka taulo tena. Mwenzake alimtazama akifanya hivyo mpaka mvuke ukajaa kwenye dirisha dogo. Mwishowe akashindwa kuvumilia, akaja na mkasi, ameushika kwa ncha, mpini ukimwelekea Mama Pole.

"Mama Pole, utavunjika mgongo. Huu hapa."

"Uweke mbali."

Aliuweka mbali. Kisha akakunja mikono ya koti lake na kuja kushika upande wa pili. Mkono mgonjwa ulitangulia. Mama Pole alipitisha mkono wake ndani ya mkono wa shati, akaitafuta ile ngumi, akaivuta, na kila alipoivuta alisema pole, na safari hii hakusema kwamba wanakaribia kumaliza, kwa sababu hawakuwa wanakaribia. Asubuhi yote ilikwenda. Watu waliokuwa wakingoja nje waligonga mlango, wakajibiwa wangoje.

Walipomgeuza ili wanyooshe shati mgongoni, mwenzake alisita.

"Mama, huku nyuma kuna mshono."

"Ninaujua," akasema Mama Pole. "Nipe kitana."